Sindano kumi na nne za binti wa Isaka

Singida, 1956

Saa moja asubuhi, kando ya barabara ya kwenda Ikungi, Isaka Ntandu anaweka koleo chini na kumpelekea binti yake kikombe cha maji. Harudi kazini mara moja. Anasimama akilitazama koo la mtoto.

"Kunywa yote."

"Nimekunywa sasa hivi, baba."

"Kunywa tena."

Dina, mwenye miaka tisa, anakunywa. Baba yake anashusha pumzi na kurudi kwenye lundo la changarawe. Amesikia kwamba mtu aliyeingiwa na kichaa cha mbwa hushindwa kumeza maji. Tangu asikie hivyo, hana raha.

Isaka ni kibarua wa barabara. Nyumbani kwake ni karibu na Ikungi, lakini sasa yeye na Dina wanakaa Utemini, hapa mjini Singida, kwa dada yake, Anastazia. Msimamizi amemruhusu kufanya kazi upande huu wa mjini. Kila siku saa nane mchana anampeleka Dina hospitali, achomwe sindano ya tumbo. Zote ni kumi na nne. Leo ni ya kumi.

Yote yalianza na mbwa aliyeitwa Polisi. Mwaka jana mbwa wa Melkizedeki, jirani yao, alizaa, na Dina akamlilia baba yake apate mtoto mmoja.

"Nilimwambia, mbwa ni wako, kumlisha ni kwako, kumfunga ni kwako," Isaka ananisimulia, nami naandika. "Nikajiona baba mwenye kufundisha."

Dina alimtunza. Alimgawia ugali wake na kumtoa kupe kila jioni.

Mwezi uliopita jumbe wa kijiji chao alitangaza kwamba kichaa cha mbwa kimeingia. Mbwa wote wafungwe, na atakayeonekana akizurura atapigwa risasi. Isaka alimwambia Dina amfunge Polisi, kisha akaenda kazini. Kamba yenyewe hakuitazama.

"Ilikuwa katani ya zamani, imeoza," anasema. "Ningeishika mara moja tu, ningejua."

Jioni moja mbwa mgeni aliingia uani, mate yakimtoka. Polisi alikata kamba akamrukia. Dina akaingia katikati kuwaachanisha. Mbwa yule alimng'ata Polisi sikio, akamng'ata na Dina mkono, kisha akatokomea mashambani.

Dina hakusema. Alipaka jeraha majivu, akalifunika kwa kanga.

"Niliogopa watampiga Polisi risasi," ananiambia, macho yake chini.

Siku mbili baadaye habari ilifika kwamba mbwa mwenye kichaa ameuawa kijiji cha pili. Mama yake, Raheli, alikuwa akimwogesha Dina. Aliposhika mkono ule, mtoto aliruka.

"Hiki nini?"

"Mwiba, mama."

"Mwiba hauna meno. Sema!"

Dina akasema. Raheli alipiga ukelele uliomfikia Isaka shambani.

Askari wa bwana mifugo alifika asubuhi iliyofuata, Dina akiwa bado ndani na mama yake. Isaka mwenyewe alimpeleka Polisi nyuma ya mlima mdogo, akamshikia kamba mpaka bunduki ikalia. Kisha akaazima baiskeli ya Melkizedeki, akampakia mtoto nyuma, wakaja Singida, maili zaidi ya ishirini.

Daktari alimwambia kwamba wamechelewa, ila si sana. Akamwambia pia kwamba hata sindano zikiisha, itabidi kungoja miezi kabla ya kuwa na hakika.

"Miezi," anarudia Isaka.

Saa nane tunakwenda hospitali. Dina analala kitandani, tumbo limevimba madoadoa. Sindano inaingia. Halii. Anauliza tu, kama anavyouliza kila siku:

"Baba, nani anampa Polisi maji?"

Siku tisa Isaka amejibu, "Mama yako." Leo anapiga magoti kando ya kitanda.

"Polisi hayupo, mwanangu. Walimpiga risasi siku ile tuliyokuja."

Dina anajiinua kwa kiwiko.

"Kwa sababu sikumfunga vizuri?"

"Hapana. Wewe ulimfunga. Kamba mbovu ilikuwa yangu."

Mtoto anageukia ukutani, na hapo ndipo analia. Isaka hamwambii anyamaze. Anamshika mguu tu, mpaka kilio kinapungua.

Nje ya hospitali namuuliza atafanya nini sindano zikiisha. Anasema atamrudisha Dina kwa mama yake, halafu ataomba kwa jumbe ruhusa ya kupita nyumba kwa nyumba, kila penye mbwa, akavute kila kamba kwa mkono wake.

"Na sitawauliza watoto," anasema. "Nitawauliza baba zao."