Kodi Hukufuata Nyumbani

Sisi wa Longview, upande wa jimbo la Washington, tumekua tukilitazama daraja. Ng'ambo yake ni Oregon, ambako hakuna kodi ya mauzo, na kwa sababu hiyo mtu wa kwetu mwenye akili timamu hanunui friji upande huu. Tunavuka mikono mitupu, tunarudi na godoro limefungwa kamba juu ya paa la gari, na tukifika nyumbani tunajiona wajanja.

Lorna Kangas alilelewa katika dini hiyo. Mama yake alimvusha mto kununua hata viatu vya shule, mvua ikinyesha, na kwetu mvua hainyeshi, inaishi. Alipofikisha miaka hamsini na minane alikuwa mjane mwenye goti bovu na kazi moja: kuwaogesha, kuwapikia na kuwanywesha dawa wazee wanaoishi peke yao. Wateja wake walikuwa wamekufa mmoja baada ya mwingine, kama taa za mtaa zinazoungua bila mtu kuja kuzibadilisha. Alikuwa amebakiwa na Arvid Nesse, mkata magogo wa zamani aliyeishi juu kabisa, njia ya Coal Creek, mahali ambapo basi halifiki.

Arvid aliwafukuza watunzaji wote isipokuwa Lorna. Mmoja wao Arvid alimrushia bakuli. Binti yake, Sheryl, aliyekuwa akiishi Spokane, mwisho mwingine wa jimbo, alikuwa ameshasema neno lake: siku Lorna atakaposhindwa kupanda kile kilima, atakuja kumchukua baba yake na kumweka katika nyumba ya wazee. Arvid aliiogopa nyumba hiyo kuliko kaburi. "Kaburini," alisema, "angalau hawakuamshi alfajiri kukulisha uji wa baridi."

Gari la Lorna likafia kilimani, mwezi wa pili.

"Shemeji," alisema Gus, ndugu wa marehemu mumewe, "ukinunua gari upande huu, nakukana mbele ya watu."

Basi wakavuka. Kwenye yadi ya magari ya Oregon, Lorna alikuwa amechagua gari dogo la bei ya chini. Halafu akapiga hesabu ya kodi asiyolipa, akaona amebakiwa na nafasi, akachukua Subaru ya kijivu yenye viti vya juu, kwa kuwa magoti ya Arvid hayakuweza kukunjwa ndani ya gari la chini. Akiba yote ikaishia hapo. Muuzaji alimpa kibali cha muda cha kubandika kioo cha nyuma, akamwambia, "Wewe ni wa Washington, mimi sikutozi kodi. Mtamalizana huko kwenu." Maneno hayo ya mwisho Lorna aliyasikia vizuri. Aliyachukulia kama maneno ya kuagana.

Kwenye ofisi ya kusajili magari, aliyekaa kaunta alikuwa Denise Wick, waliyesoma naye darasa moja.

"Shoga, hii kodi unalipa kwa kadi au kwa hundi?"

"Kodi ipi tena? Nimenunua Oregon."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, si kwa ubaya. Kilikuwa kile kicheko cha mtu ambaye aliwahi kusimama palepale.

"Kodi ya gari haiangalii uliponunua," Denise alisema kwa sauti ya chini. "Inaangalia unapolala."

"Mbona friji langu halikuulizwa linalala wapi?"

"Friji nalo lilitakiwa kulipiwa, Lorna. Ila friji halibandikwi namba mgongoni."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta ili ajionee. Kodi na ada za usajili, jumla ilikuwa zaidi ya dola elfu moja. Lorna akakitazama kioo kile kama mtu anayetazama picha ya mapafu yake mwenyewe.

"Na ukichelewa kuna faini," Denise aliongeza. "Samahani, mwaya. Si mimi niliyeitunga sheria."

Jioni Gus alikuja na dawa yake. "Andikisha kwa anwani ya binamu yangu, hapo ng'ambo, Rainier. Nusu ya mtaa huu magari yao yanaishi Oregon."

"Na nikigonga mtu? Bima watauliza gari linalala wapi."

"Usigonge."

"Gus!"

"Nasema tu, shemeji. Uaminifu ni mzuri, lakini hauna magurudumu."

Alikataa. Sitasema ni kwa wema tu. Alikuwa na woga wa watu waliolelewa kwenye nyumba ambazo barua ya serikali ilikaa mezani siku tatu kabla ya kufunguliwa. Kibali cha muda kikaisha. Brianna, msichana aliyepanga zamu kwenye kampuni iliyomwajiri Lorna, akapiga simu.

"Mama Lorna, mfumo unaonyesha gari lako halijasajiliwa. Siwezi kukutuma baada ya Ijumaa. Jumatatu nampeleka mwingine."

"Atamrushia bakuli."

"Najua. Lakini siwezi."

Ijumaa, siku yake ya mwisho kwenye ratiba, alimweleza Arvid kwa nini angekuja mgeni. Mzee aliinuka kwa kushika meza, akafungua droo, akatoa kitabu cha hundi.

"Kiasi gani?"

"Mzee, weka. Sheria ya kampuni, hatupokei hata senti ya mteja."

"Nimekuuliza sheria? Nimekuuliza kiasi gani, binti. Wakija kunichukua, hizo pesa zitanipikia nini huko?"

Lorna aligeuka akazima moto chini ya sufuria ya viazi. Kisha akasema ni mkopo, akasema atarudisha kila mwezi, akataja kiasi. Mkono wa Arvid ulichora jina lake polepole, kama mtu anayekata gogo kwa msumeno butu.

Denise alimpigia makofi pale kaunta. Gus alizifunga namba mpya za Washington akilalamika kila skurubu. Jumatatu Lorna alipanda kilima kwa haki zote, na wiki ile ikawa nzuri.

Sheryl alikuwa akiangalia akaunti ya benki ya baba yake kwenye simu.

"Umechukua pesa za mzee asiyejua leo ni siku gani," alimwambia Lorna kwa simu.

"Siku haijui, dada. Lakini mimi ananijua. Ni mkopo, naanza kulipa mwezi huu—"

"Watunzaji wote husema hivyo."

Sheryl akaipigia kampuni, nayo haikuhitaji kusikia zaidi. Brianna alilia kwenye simu wakati akimfukuza kazi, na Lorna ndiye aliyembembeleza.

Sheryl alikuja Jumamosi. Lorna hakualikwa, lakini alipanda akaegesha kando ya barabara, akasimama mvuani. Mzee alikuwa ameshafungwa mkanda kwenye gari la binti yake, gari la chini, magoti yamemfika kifuani. Alipomwona akateremsha kioo.

"Lorna! Wamekupa namba?"

"Wamenipa, mzee."

Akainyoosha shingo kuitazama Subaru, akazisoma herufi na tarakimu moja moja, hakukosea hata moja.

"Safi," alisema, akaanza kuhangaika na mkanda. "Basi nifungulie. Twende nyumbani."

Sheryl akapandisha kioo kutoka upande wake. Lorna aliuona mdomo wa mzee ukiendelea kusema. Gari likateremka, likapinda kwenye misonobari. Yeye akabaki na gari lililolipiwa kila kitu, na hakuna mlango mjini uliokuwa ukimngoja afike.