Dawa za Shangazi Katika Namba Yangu

Nilisafiri kwenda Koboko kwa sababu ya jino. Hapa Arua nilikuwa nimeshapanua mdomo, daktari wa meno ameshika koleo, mara akageukia kompyuta. Siku hizi hospitali zinaonyeshana dawa za wagonjwa kupitia mfumo mmoja wa nchi nzima. Akaandika namba yangu ya simu, akasoma, akaweka koleo chini.

"Rashidi, wewe iko nakunywa dawa ya kuzuia damu isigande. Nikitoa hii jino, damu itakataa kusimama."

"Mimi? Mimi nakunywa chai tu!"

Akaendelea kusoma: mjane, mguu ulivimba, hospitali ya Koboko. Nikacheka mpaka jino likanikomesha. Kumbe huyo ni Shangazi Halima! Hana simu, basi popote anapoulizwa namba hutoa yangu: msikitini, kwa muuza kuku, kwenye chama cha wafumaji. Nusu ya Koboko hunipigia mimi kumtafuta yeye.

Daktari hakucheka. "Mwambie asiguse vidonge vya maumivu vya dukani. Atatoka damu tumboni."

Kicheko kikanikauka. Juzi tu Shangazi alituma salamu kwamba magoti yanamsumbua. Nikapiga simu ya jirani yake, imezimwa.

Mchana nikapanda taksi, basi dogo la abiria la kwenda Koboko. Konda akatazama shavu langu lililovimba, akauliza kama hilo embe nitalilipia nauli. Tulipopita Maracha, mihogo ilikuwa imeanikwa kando ya lami, nami akilini nilimwona Shangazi tu, akimeza vidonge kimoja baada ya kingine. Niliogopa kweli.

Alasiri, Koboko. Nilimkuta uani, kifuniko cha chakula alichokuwa akifuma kiko mapajani, kikombe cha maji mkono huu, kidonge mkono ule.

"Shangazi, weka chini!"

"Eh! Salamu iko wapi? Arua wanafundisha adabu gani?"

"Hiyo dawa ni ya nini?"

"Ya goti. Nimetoka kununua sasa hivi, hata ya kwanza bado. Na wewe, shavu iko na nini?"

Nikaketi mkekani, nikamweleza yote. Alisikiliza, kisha akakitupa kidonge mbali hata kuku wakakimbia.

Kesho yake nilimnunulia simu, tukaenda hospitali. Muuguzi akatutenganisha kwenye mashine, akampa dawa ya kupaka magoti.

"Mama, hapa juu iko namba yako. Hapa chini ndiyo ya mtu wa karibu. Mtoto anakaa chini."

Shangazi alilipenda sana hilo la mimi kukaa chini.

Niliporudi Arua jino liling'olewa bila ubishi. Nilikuwa nimejifunza kwamba mashine inatujua kwa yale tunayoiambia tu, kwa hiyo kwenye nafasi ya mtu wa karibu nikataja namba mpya ya Koboko. Sijatoa hata pamba mdomoni, simu ikalia.

"Rashidi! Jirani amenisomea ujumbe wa hospitali, wametoa jino yako. Sasa sikia: vidonge vya dukani, usiguse!"

"Mmm," nikajibu.