Anwani Zilizosomwa Kinyume

Kutoka Tanga hadi Nyarugusu nilitumia siku tatu. Nililala Singida, nikalala tena Kahama, kisha Ushirombo nikapata lori la saruji, nikaketi juu ya mifuko hadi nguo zikawa za kijivu. Nilikuwa na kompyuta ndogo, vifaa vya kutengenezea simu, na uchovu wa miji niliyokwisha kuihama. Nilidhani ningekaa miezi miwili. Nilikaa miaka minne.

Nilikodi kibanda karibu na maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Simu ikinishinda, niliunganisha kompyuta kwenye chipu yake na kuisoma kumbukumbu kwa programu ya ukaguzi. Humo nilitafuta vielekezi, namba zinazoiambia chipu kwamba kinachofuata kiko anwani gani. Kielekezi kikielekeza pasipokuwepo kitu, kifaa hukwama.

Asubuhi moja ya mwaka wa nne alikuja mama mmoja mjane, mwenye duara lake. Mchimbaji wake alikuwa amebeba kisanduku kinachoendesha pampu yao ya maji. Pampu ilikuwa imegoma.

"Fundi simu anatibu pampu," mchimbaji alisema akikitua mezani. "Kesho tumletee ng'ombe."

Mama hakucheka. Sheria ya maduara tuliijua sote: maji yakipanda hadi gogo la tatu kutoka juu, kati ya yale yanayoshikilia kuta za shimo, kamati ya wachimbaji humpa mtu mwingine shimo, maana maji ya duara moja hupenya hadi kwa majirani. Yake yalikuwa kwenye gogo la sita.

Nilisoma kumbukumbu. Chipu ile ilikuwa na anwani zisizofika laki moja na nusu, lakini kielekezi cha kwanza kilinipeleka kwenye anwani ya bilioni moja na zaidi. Cha pili vilevile. Nikamwambia chipu imeoza, atafute kisanduku kingine. Akaenda Mwanza kukitafuta. Aliporudi siku ya tano, mikono mitupu, maji yalikuwa yamelipita gogo la tatu na kamati ilikwisha kukaa na kumpa mtu mwingine duara.

Kisanduku kilibaki kwangu. Wiki iliyofuata nilikifungua tena, bila sababu hasa, nikaona katikati ya zile namba maneno ya kiwanda yanasomeka vizuri, herufi kwa herufi. Kumbukumbu iliyooza haihifadhi maneno. Ndipo nilipotazama juu ya skrini. Programu haiulizi chipu ni ya ukoo gani. Wewe ndiye unayeiambia, na mimi nilikuwa nimeiacha kwenye ukoo wa simu. Chipu za simu hukipanga kielekezi kwa kuanza na kipande chenye thamani ndogo katika namba. Ile ya pampu, ya zamani, ilianza na chenye thamani kubwa. Nilikuwa nikisoma kila anwani kinyume. Nilipobadilisha, ile ya bilioni ikawa elfu sabini na sita. Vielekezi vyote vikakaa mahali pake isipokuwa kimoja, cha kipimo cha maji. Kukiandika upya kulichukua nusu saa.

Nilikibeba hadi kwa yule mama. Alikuwa anachambua mchicha. Nikamwamkia, nikamweleza yote, hata lile la kutotazama ukoo wa chipu.

"Sasa unaniambia ili nifanye nini, fundi?"

Nikamwomba akipokee kisanduku. Alikitazama bila kukigusa.

"Mpelekee aliyepewa duara," alisema. "Majirani zangu wamo humo chini na maji yanawafuata. Nenda, mwanangu."

Nikakipeleka, nikakifunga, pampu ikaitika palepale. Watu walinipongeza. Siku mbili niliisikia ikiunguruma tangu alfajiri, wala sikuweza kufungua simu hata moja. Siku ya tatu nilirudisha ufunguo wa kibanda, nikaenda kungojea gari la Geita.

Njia inapita mahali wanapooshea mchanga. Mama yule alikuwa ameinama miongoni mwa wanawake wengine, akiosha mchanga wa duara la watu. Nikasema shikamoo mama. Akaitika marahaba, akachota maji mengine.