Miguu Mikavu

Kwa miaka miwili nilimdanganya baba mkwe wangu kwa msala. Mwanamke akiwa kwenye hedhi hasali, na hilo kila mtu mzima Pemba analijua, lakini mimi nikiona haya ajue kuwa siku zangu zimefika. Basi adhana ikilia natandika msala nyuma ya pazia, nahesabu mpaka mia mbili, kisha naukunja. Nilijiona mjanja kweli.

Nina kifafa. Siku moja kilinikuta shambani kwangu, nalo shamba langu ni la mwani, ndani ya maji ya magotini. Baba mkwe alikuwa karibu akitafuta pweza, akaniwahi na kunitoa. Tangu hapo akanipiga marufuku: baharini basi. Mwani ni kazi niliyoianza kabla sijapata mume wala kifafa. Nililia wiki nzima, kisha nikanuna, na kununa nakuweza.

Mama mkwe akitazama tu. Mchana mmoja nilipokunja msala akaniangalia miguuni.

"Mwanangu, hata udhu hukutia. Miguu mikavu kama samaki ng'onda."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Na juzi ulianguka," akaendelea. "Mwezi ulopita ulianguka, siku mbili baadaye miguu mikavu. Na ule wa kabla yake vivyo hivyo. Mie naona zamani, n'kanyamaza n'sikutie haya."

Kumbe tulikuwa wawili tunaofichana jambo moja.

Akanipeleka hospitali, mjini Chake. Daktari, kijana wa kiume, akauliza kama kuna siku ambazo kifafa kinazidi. Mimi nikakodolea sakafu macho. Mama mkwe akamweleza yote kwa sauti ya kunadi samaki, na benchi zima la nje likasikia.

Daktari hakucheka. Alisema mwili wa mwanamke una homoni mbili: moja huuchangamsha ubongo, nyingine huutuliza. Siku zikikaribia, ile ya kutuliza hushuka ghafla, ubongo ukabaki mwepesi kushtuka. Akanipangia vidonge vya ziada vya kumeza siku hizo, na akaniruhusu mwani siku nyingine zote, ila nisiwe peke yangu.

"Na usizifiche siku zako," akasema. "Nyumbani wajue."

Hilo lilikuwa gumu kuliko vidonge. Mwezi uliofuata, tukiwa tunakula muhogo, nilisema, "Baba, siku zangu zimekaribia. Leo siendi mwani."

Mzee akakohoa. Akautazama muhogo muda mrefu, kama anausoma. Kisha akanyanyuka, akachukua kamba zangu, akaenda kufunga mwani mwenyewe, katikati ya wanawake waliomcheka mpaka maji yakajaa.

Alifunga vibaya. Kesho yake nusu ya mwani ilikuwa imechukuliwa na maji. Nilisimama ufukweni nikalia kwa furaha, kisha nikaenda kumwambia kwamba kazi yake ni nzuri.