Yowe Lisilo na Umri

Mtu akitaka kuniona mbaya, aguse kebo niliyoiacha inaning'inia. Nikiacha kebo inaning'inia nina sababu zangu. Siku ile, katika kituo cha afya cha kijiji kimoja cha Handeni, niliacha moja nikatoka kunawa mikono, na mama wa mapokezi akaiona. Ni mtu anayependa usafi. Aliona waya ambao ncha yake moja imechomekwa na nyingine imelala sakafuni, akaona na tundu tupu, akaokota ncha ile akaichomeka. Niliporudi, mtandao wote wa kituo ulikuwa umekufa.

Swichi ni kile kiboksi chenye matundu kinachounganisha kompyuta za jengo moja. Kompyuta ikiwa haijui mwenzake yuko wapi, inauliza kwa sauti: nani mwenye anwani hii? Swichi inaipeleka sauti hiyo kwenye kila tundu isipokuwa lile ilikotokea. Sasa ukichomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi moja, sauti inatoka huku inaingia kule, swichi inadhani ni mpya, inaitangaza upya. Kufumba na kufumbua sauti moja imekuwa maelfu na hakuna kompyuta inayoweza kusema jambo lingine lolote. Taa zote za kile kiboksi zilikuwa zinapepesa kwa pamoja.

Nilimfokea yule mama. Sikumfokea kidogo.

"Dada, taratibu," fundi mwenzangu akaniambia. Alichomoa ncha moja, taa zikatulia, kisha akamgeukia mama wa watu kwa Kizigua kilichonyooka, akamweleza kwamba kompyuta zina adabu zao. Moja inabisha hodi, ya pili inasema karibu, ya kwanza inaitika kuwa inaingia, ndipo mazungumzo yanaanza. "Ila ile sauti ya kuwaita wote haibishi hodi, mama. Hiyo ukiiachia njia ya kuzunguka, haifi." Yule mama akacheka, akaomba radhi kwake, si kwangu.

Fundi mwenzangu alikuwa Mmaasai. Amezaliwa Handeni, tulisoma wote chuo cha ufundi, akapanga Masuguru, mjini Korogwe, nyumba ya pili kutoka kwetu, na mama yangu akawa anampelekea futari kila mwezi wa Ramadhani japo hakuwa anafunga. Mimi ni mjukuu wa Mnyamwezi aliyekuja Mazinde kukata mkonge, Kizigua changu ni cha kuombea maji. Chake kilikuwa cha kugombea shamba. Kazini tulivaa ovaroli za bluu zinazofanana, na kwa mbali usingetutofautisha, isipokuwa kwa masikio. Yake yalitobolewa akiwa mtoto, ndewe zikaning'inia.

Asubuhi tulipofika kijijini tulikuwa tumesikia yowe. Ng'ombe wa wafugaji wa Kimaasai walikuwa wameingia kwenye mahindi ya mtu, kijiji cha jirani. Kule yowe halisikilizwi tu. Ukilisikia unalipokea, unapiga na wewe ili wa mbele yako asikie, kisha unachukua panga unakimbia. Anayekaa kimya ataulizwa baadaye alikuwa upande wa nani. Na yowe lenyewe halina maneno. Linasema njooni, basi. Kabla ya saa sita baba mdogo wa mwenzangu alimpigia simu: ng'ombe wametolewa, wazee wa pande zote mbili wamekaa, mwenye shamba ameridhika, wanakunywa chai pamoja.

"Yameisha," akaniambia. Akabeba dishi letu dogo na kebo begani, akaenda kulifunga kwenye mlingoti nyuma ya ofisi ya kata, ng'ambo ya mashamba. Mimi nikabaki na swichi yangu.

Baada ya adhuhuri yowe likaja tena. Safari hii lilitokea nyuma yetu, upande wa kilimani. Mama wa mapokezi akatoka mlangoni, akaweka kiganja mdomoni, akalipokea kwa nguvu zake zote.

"Mama, si lile la asubuhi?" nikamuuliza.

"Lile lilitoka kule. Hili limetoka huku." Akapiga jingine.

Ndipo nikaelewa. Lile yowe lilikuwa halijafika mwisho, kwa sababu halikuwa na mwisho. Lilikuwa limepokelewa kijiji hadi kijiji kuuzunguka mlima, na sasa limerudi kwa waliolianza, nao wakalipokea kama geni. Ujumbe wa mtandaoni unaosafiri mbali hupewa umri. Kila kituo unapopita unapunguziwa, ukiisha unatupwa, hata kama haujafika. Walioweka utaratibu huo waliogopa kitu kama hiki. Nilitupa koleo nikakimbia kwenda ofisi ya kata, kwa mwenzangu.

Nilisikia kabla sijaona. Fimbo ikipiga mwili wa mtu ina mlio wake, si mlio wa kupiga ng'ombe wala godoro, na ukishausikia huutaki tena. Walikuwa wamemzunguka chini ya mlingoti, wanaume na wanawake, wenye mipini ya majembe, wenye mapanga, wenye mawe. Dishi lilikuwa limepondwa. Alikuwa amepiga magoti, mikono kichwani, anawaambia kwa Kizigua chao kwamba yeye ni fundi, kwamba ng'ombe wametolewa, kwamba wapige simu waulize. Alitaja ukoo wa mwenye shamba. Alitaja wazee waliokuwa wakinywa chai. Hakuna aliyemwitikia hata neno. Mwanamume mmoja alimshika sikio la kushoto kwa ile ndewe, akalivuta mpaka likanyofoka, akaliinua juu kwa mkono kuwaonyesha wenzake, na damu ikamtiririkia kwapani.

Kila mashine ya mtandao ina anwani mbili. Moja imepigwa muhuri kiwandani na haibadiliki, nyingine inapewa kulingana na mahali ilipo. Ya pili ndiyo inayosema unaishi wapi. Yeye alikuwa wa Masuguru, jirani yetu, fundi, msema Kizigua. Wale walisoma ile ya kwanza tu.

Nilipenya. Nilipiga watu, niliuma mkono wa mtu, nikapigwa mpini mgongoni hadi pumzi ikakata. Nilipiga kelele na kelele yangu ikawa moja tu kati ya nyingi. Mpini mwingine ulimpata nyuma ya kichwa akaanguka kifudifudi. Mtu akanyanyua jiwe la kusagia. Nilikuwa na hofu kuliko nilivyowahi kuwa, na ndani ya hofu hiyo nikakumbuka kwamba mimi ni Mnyamwezi na wale ni Wazigua, watani zetu.

Nikajilaza juu yake, mzima mzima, kama watani wanavyojilaza kaburini.

"Wazigua nyie, watumwa wa babu yangu," nikasema. "Maiti hii ni yangu. Hazikwi mtu hapa mpaka nipewe kuku."

Jiwe halikushuka. Halikuwekwa chini pia. Mtani akizuia maiti, lazima ajibiwe. Utaratibu huo ni wa zamani kuliko sisi sote, na ana haki ya kutukana bila kuguswa. Lakini mpaka mmoja wao aitike, nilikuwa mwanamke tu aliyelala juu ya mtu anayetoka damu. Mtu akanipiga teke la ubavuni. Nikarudia, kwa tusi kubwa zaidi.

Bibi mmoja mwenye kanga kiunoni na jembe mkononi alinitazama muda. Alikuwa anahema. "Mnyamwezi," akasema, "toka juu ya maiti, unanuka."

"Sitoki, bibi. Kuku kwanza."

"Utapewa tetea."

"Nataka jogoo."

Mtu akacheka, kicheko kibaya kilichomtoka bila kupenda. Bibi akauweka mkono wake juu ya mkono wa yule mwenye jiwe, akaushusha. Wa karibu wakaacha, kisha waliokuwa nyuma yao. Nikauliza ni nani kati yao aliyewaona hao ng'ombe kwa macho yake. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwenzake.

Nilikuwa nimechomoa ncha moja. Nilijisifu moyoni, nakiri, wakati nina damu ya mwenzangu mdomoni.

Kituo cha afya kilimfunga kichwa na kutuambia twende Korogwe. Mwenye duka akatoa pikapu yake. Nilikaa nyuma naye, kichwa chake mapajani kwangu, na muuguzi akaniagiza nisimwache alale. Kuna jambo dogo ambalo fundi hulifanya kwanza kabisa anapotaka kujua kama mashine ya mbali iko hai. Anaiuliza tu: upo? Nayo inajibu: nipo. Hakuna zaidi ya hapo.

"Upo?" nikamuuliza.

"Nipo."

Barabara ilikuwa na vumbi, nikamfunika uso kwa kanga ambayo yule bibi alinitupia wakati pikapu ilipoondoka. "Upo?"

"Nipo, dada." Kisha, macho yakiwa yamefumba: "Umenizika mapema."

"Nyamaza. Upo?"

"Na kuku wako hukumchukua."

Nilicheka huku nalia. Tukaendelea hivyo, mimi nauliza, yeye anajibu, jibu likizidi kuchelewa na kuwa dogo. Tulipovuka daraja la mto Pangani nilimuuliza na hakujibu. Mashine isipojibiwa husubiri kidogo, huandika kwamba muda umekwisha, kisha huuliza tena. Mimi niliuliza tena. Niliuliza mpaka ndani ya geti la hospitali, na nilikuwa ningali nauliza wakati muuguzi aliponiondoa vidole vyangu kwenye mkono wa mwenzangu, uliokuwa umeshapoa, kimoja kimoja, kwa upole.

Walinikalisha kwenye benchi nje. Nilimchukia yule aliyevuta ndewe, yule wa jiwe, hata mama wa mapokezi na usafi wake. Nilimchukia bibi kwa kuchelewa kunijibu. Ovaroli yangu ilikuwa imeanza kukauka na kukakamaa.

Simu ikalia. Ilikuwa mama, kutoka Masuguru, amenisambazia ujumbe ambao ulikuwa umeshasambazwa mara nyingi. Ulisema Wamaasai wameua mkulima Handeni kwenye ofisi ya kata, kwamba wako njiani kuja Korogwe, watu wafunge milango na wakae na silaha karibu. Mwishoni uliandikwa: mtumie kila unayemjua.

Chini yake mama alikuwa ameandika maneno yake mwenyewe. "Mwanangu, upo? Mwambie na mwenzio asitembee leo, watu wana hasira. Aje alale kwetu."

Nilimjibu neno moja: nipo. Ule wa kusambazwa niliufuta. Kwangu uliishia pale.