Samaki Hawakumkimbia

Cheka ukitaka, lakini usiniambie nilikuwa nimelewa. Pombe sinywi, na jua lilikuwa bado juu ya miti. Haya yalinipata mimi mwenyewe, huku Minnesota, Marekani, miaka ya tisini, na mpaka leo sijapona.

Nyumbani kwetu ni chini ya Mlima Kenya. Kazi yangu ilikuwa kuwapeleka wageni wa hoteli kuvua trauti kwenye mito ya baridi ya mlimani. Samaki huyo ana akili. Huvuliwa kwa ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na nzi, na kivuli chako kikigusa maji tu, wote wametoweka. Kwa hiyo jambo la kwanza unalomfundisha mgeni ni kuchunga kivuli chake. Nilipohamia Minneapolis, hoteli moja ya mjini ikanipa kazi hiyohiyo. Kila Jumamosi nilibeba wageni kwa gari, tukapita Burnsville, hadi mto mmoja mdogo huko kusini.

Nikuambie ukweli, upweke ulikuwa ukinila. Niliishi peke yangu kwenye ghorofa za Cedar-Riverside, na majirani tulisalimiana kwenye lifti tu. Wageni hata jina hawakuniuliza. Wiki zilipita sijatamka Kiswahili, ila nikijisemea mwenyewe nikisonga ugali.

Jumamosi hiyo niliwaacha wageni wawili, mume na mke, karibu na daraja, nikapanda na mto kutafuta penye samaki. Kwenye kona nikamkuta mtu mweusi amesimama majini hadi magotini, ameshika fimbo ya kuvulia.

"Habari ya jioni, ndugu," akasema. "Wewe ni wa kwetu, ama?"

Kiswahili! Niamini, machozi yalinitoka. Tukaongea: mvua za nyumbani, baridi ya huku, chai isiyo chai. Kofia ilimficha uso, lakini ningejali nini? Nilikuwa nimepata mtu.

"Nishikie hii kidogo, bro," akaninyooshea fimbo. "Mikono imekufa ganzi."

Sasa mtu wa kazi yangu, mvuvi akimwambia amshikie, atakataa? Niliingia majini nikaipokea. Hapo ndipo nilipotazama chini. Jua lilikuwa mgongoni mwake, lakini juu ya maji hapakuwa na kivuli chake. Na samaki, wale waoga wote, walikuwa wakimzunguka miguuni kama kuku wanaosubiri mahindi.

Nikainua macho. Yeye alikuwa ameshaanza kupanda ukingo wa pili. Alipofika juu, kivuli kirefu kikaanguka mtoni, na samaki wakatawanyika mbio. Akakitazama kivuli kile, akalia kwa sauti.

"Asante, bro. Nimesimama hapo miaka," akasema. "Sasa ni zamu yako."

Akaenda zake kuelekea barabarani. Samaki wakarudi polepole, wakaja miguuni pangu.

Nilitupa fimbo ile nikakimbia kwa wageni. Niliwaita, niliwaita tena. Hawakugeuka mpaka nilipomshika yule mama bega, naye akapiga yowe.

Tangu siku hiyo wageni wangu hawakosi samaki, na hoteli inanisifu. Lakini milango ya lile duka kubwa la Roseville, ile inayojifungua yenyewe, mimi hainifungukii. Inabidi ningoje aje mtu mwingine, niingie nyuma yake. Mbwa hawanibwekei. Sijui kama unaelewa uchungu wa kutobwekewa hata na mbwa.

Basi wewe uliye ugenini, ukisalimiwa kwa lugha ya mama yako mahali pasipo na watu, furaha isikukimbize. Tazama kivuli chake kwanza. Maana mimi bado nashinda mtoni, na Kiswahili kikipita pale darajani, mkono wangu wenyewe huanza kunyoosha fimbo yoyote niliyoishika. Akikuomba umshikie kitu, kataa, uondoke. Hata akiwa ni mimi.