Siku Mama Mkwe Aliponiona wa Manjano

"Mbona umekuwa wa manjano?" mama mkwe aliniuliza.

Nikajitazama mikono. Niko vilevile.

"Hata ukuta. Hata mume wako jana nilimwona hivyohivyo. Mwanangu, kuna kitu kinakuja kunichukua."

Jamani, mimi ni nesi. Mwili ulinisisimka, na wala si kwa kuogopa mashetani.

Mama alikuwa anatumia digoksini, dawa ya moyo. Ikizidi kidogo tu mwilini, chakula kinakuchefua na dunia inageuka manjano. Ikizidi tena, moyo unasimama.

Nikamshika mkono, nikapima mapigo. Yalikuwa yanakuja kwa kusuasua.

Sasa ingezidije? Dawa nampa mimi! Mwanzoni alikuwa mbishi balaa, akatupa kopo zima kwenye pipa la taka. Nikakaa naye, nikamweleza dawa inafanya nini na kwa nini asiiache, nikamwambia anieleze tena kwa maneno yake. Akaelewa. Tangu hapo anameza kidonge kimoja kila asubuhi mbele yangu.

Nikampigia daktari.

"Asimeze tena. Kesho asubuhi mlete."

Nikawatangazia nyumba nzima: hakuna kidonge.

Asubuhi, tunajiandaa kutoka, mama akanywa chai yake, akatapika, akadondoka.

Hospitali wakapima damu. Dawa imejaa tele.

Wifi yangu akanikazia macho. "Nyumba ile anayejua dawa ni nani?"

Nikamtazama mume wangu anitetee. Akainamisha kichwa. Iliniuma kuliko maneno ya dada yake.

Jioni mama akafumbua macho. Baba mkwe akaingia na chupa ya chai. Chai ya mkewe huwa anapika mwenyewe, hataki msaidizi. Akamimina, akamwinua mama, kikombe kikafika mdomoni.

"Kunywa yote, mke wangu. Wamekunyima dawa, mimi nimekuongezea."

Nilikipiga kile kikombe kikaruka mpaka ukutani!

"Baba! Umeongeza nini?"

Akatoa kopo mfukoni. Lilelile la pipani.

"Huyu namjua mimi," akasema. "Anakuitikia vizuri, ukigeuka anatema. Nikawa namsagia kwenye chai kila siku, nisije nikampoteza."

Kumbe mama alikuwa anameza kweli. Kimoja kwangu, kingine kwenye chai. Mzee alipojua akalia kama mtoto.

Mama alipona. Siku hizi chai anajipikia mwenyewe, na mzee anakaa pembeni anatazama tu.

Wifi hajaniomba radhi mpaka leo, ila dawa za mwanawe anakuja kuniuliza mimi. Mume wangu aliniomba. Nimemsamehe, ingawa kile kichwa alichoinamisha bado nakiona.

Nyie mnaouguza watu nyumbani, mkimfundisha mgonjwa dawa zake, mwiteni na anayempikia chai.